Wadau mnaoijua Roosevelt Island pale New York, kile kisiwa cha katikati ya mto kina historia gani?

Dada wa Mjini:

Habari zenu wadau, naomba kujuzwa na wenye uelewa au walioishi pale. Mdogo wangu na mumewe wanahamia New York kikazi, shemeji kapata mkataba Umoja wa Mataifa, sasa nyumba waliyopata ipo sehemu inaitwa Roosevelt Island. Nikaingia kwenye ramani nikaona kijisiwa chembamba kirefu kimelala katikati ya mto, upande mmoja Manhattan na maghorofa yake yote yale, upande wa pili Queens, halafu daraja kubwa limepita juu yake kabisa lakini magari hayashuki pale.

Nikaendelea kuperuzi nikakutana na picha za gofu la hospitali ya ndui, mara gereza, mara hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa kweli nikapata wasiwasi. Kile kisiwa ni cha asili au walijaza kifusi? Na kwanini jiji lenye shida ya ardhi namna ile liliacha eneo la jirani kiasi kile liwe la wafungwa na wagonjwa miaka yote hiyo? Na leo watu wanavukaje kwenda kazini, maana wana mtoto mdogo wa kuanza shule. Naomba majibu ya kina nimtumie mdogo wangu asome kabla hajafunga mizigo.

Nahodha:

Dada karibu, uzi mzuri huu. Niseme kuhusu maji na mawe, historia ya watu wataimalizia wengine.

Kisiwa ni cha asili. Chini ni mwamba mgumu wa naisi, ule ule ambao wafungwa walikuja kuuchonga karne ya 19 wakajengea majengo ya pale pale. Kingo zake na ncha ya kusini zimeongezwa kifusi baadaye lakini kiini chake ni jiwe. Urefu ni kama kilomita 3.2 na penye upana mkubwa kabisa haizidi mita 240 hivi, yaani mtu mzima anatembea toka ukingo mmoja hadi mwingine kwa dakika chache tu, eneo lote ni eka 147. Kiutawala ni sehemu ya Manhattan ingawa daraja pekee la gari linatokea Queens.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui, East River unaouona kwenye ramani siyo mto kwa maana ya maji yanayotoka mlimani kushuka baharini. Ni mlangobahari, unaunganisha bandari ya New York na ghuba ya Long Island Sound kule juu, maji yake ni ya chumvi na yanajaa na kupwa. Mkondo unaelekea kaskazini saa kadhaa, unasimama kidogo, halafu unageuka unaelekea kusini, na ni mkali kweli kweli. Kaskazini kidogo ya kisiwa kuna sehemu inaitwa Hell Gate, vyombo vingi vilizama pale kwa sababu ya mkondo na miamba, mpaka mwaka 1885 wahandisi wa jeshi wakalipua mwamba uliokuwa unaitwa Flood Rock kwa baruti nyingi mno ili meli zipite.

Naanza na mkondo makusudi kwa sababu ndio unaojibu swali lako la kwanini palikuwa gereza. Ukisimama ukingoni unaona Manhattan ile pale, unaweza kusoma namba za majengo, lakini ukiingia majini kuogelea mkondo unakubeba. Kwa mtu anayetafuta mahali pa kufungia watu karibu na jiji ambapo hahitaji ukuta mrefu, hapo amepata. Siku hizi mkondo huo huo wameshaufanyia majaribio ya umeme, mkono wa mashariki wa kisiwa kampuni moja imewahi kuzamisha mitambo ya mapanga chini ya maji inayozungushwa na maji yanavyojaa na kupwa, na mwaka 2012 serikali kuu ilitoa leseni ya mradi huo.

Mpekuzi:

Nahodha umeongea vizuri, naomba niendelee hapo hapo kwenye kuvuka maana mimi naona historia yote ya kile kisiwa ni habari ya kuvuka, nani anavushwa kwa nguvu na nani anavuka kwa hiari yake.

Wenyeji wa kwanza ni Walenape, walikiita Minnehanonck. Waholanzi wakakichukua mwaka 1637 enzi za gavana Wouter van Twiller, wakaweka nguruwe, kikaitwa kisiwa cha nguruwe kwa lugha yao. Unaona tayari, nguruwe hawahitaji uzio kama wamezungukwa na maji. Waingereza walipoitwaa New York kikaangukia mikononi mwa kapteni mmoja anaitwa John Manning, huyu ndiye aliyekuwa na dhamana ya ngome mwaka 1673 Waholanzi waliporudi, akaisalimisha. Akashtakiwa, akavunjiwa upanga hadharani, akaenda kuishi kisiwani kwake mbali na macho ya watu. Binti wa mkewe akaolewa na Robert Blackwell na ukoo huo ukalima pale kwa vizazi, ndiyo maana kwa muda mrefu kiliitwa Blackwell's Island. Nyumba yao ya mbao ya mwaka 1796 bado ipo, imekarabatiwa, mdogo wako ataipita kila siku.

Mwaka 1828 jiji likakinunua kwa dola 32,000 na hapo ndipo mambo yakabadilika. Gereza likafunguliwa 1832, hospitali ya wagonjwa wa akili 1839, halafu nyumba za maskini, hospitali ya ndui mwaka 1856 iliyochorwa na James Renwick Jr., yule yule aliyechora kanisa kuu la St. Patrick's. Fikra ya viongozi wakati ule haikuwa ya ukatili mwanzoni, waliamini hewa safi na maji pembeni vitamtibu mgonjwa na kumtengeneza mfungwa. Lakini ukishaweka watu mahali ambapo hakuna raia anayepita, hakuna anayeona chakula wanachopewa, kinachofuata unakijua. Charles Dickens alitembelea ile hospitali ya akili mwaka 1842, akaisifia ngazi yake nzuri ya mzunguko na akaondoka kasononeka na hali ya wagonjwa.

Aliyefumua kila kitu ni binti wa miaka 23, mwandishi wa gazeti la New York World, Nellie Bly, mwaka 1887. Alijifanya amechanganyikiwa, akajiita Nellie Brown, madaktari wakampitisha, akapandishwa boti pamoja na wanawake wengine mpaka kisiwani akakaa siku 10. Alivyotoka akaandika. Wanawake wanaogeshwa maji ya baridi kwenye beseni moja na maji hayabadilishwi, mwingine anaingia baada ya mwingine. Kutwa nzima, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 2 usiku, wanakalishwa kwenye mabenchi magumu wasiongee wala kusogea. Na baadhi yao hawakuwa wagonjwa kabisa, ni wageni wasiojua Kiingereza ambao hakuna aliyejihangaisha kutafuta mkalimani. Jiji likaongeza bajeti, na miaka ya 1890 wagonjwa wakahamishiwa Wards Island. Mimi kila nikisoma habari za wale wanawake wageni roho inaniuma, unapelekwa ng'ambo ya maji maisha yako yote kwa sababu tu hakuna anayeelewa unachosema.

Gereza likaendelea mpaka miaka ya 1930. Mwaka 1934 kamishna mpya wa magereza, Austin MacCormick, akavamia kwa kushtukiza akakuta wakuu wa magenge ndio wanaoendesha gereza, wamejipa wodi ya hospitali wanaishi kifahari, wana chakula chao, wengine wanafuga njiwa, na wafungwa wanyonge wanalala njaa. Likafungwa, wafungwa wakapelekwa Rikers Island na jengo likabomolewa.

Dada wa Mjini:

Jamani asanteni, nimesoma mpaka nimesahau mboga jikoni. Mpekuzi hiyo ya beseni moja imenigusa sana. Sasa kutoka hapo paligeukaje kuwa mahali pa familia? Na hayo majengo ya zamani bado yapo au ndio hayo magofu?

Mpekuzi:

Mengi yamebomolewa, machache yamebaki. Hospitali ya ndui ndilo lile gofu uliloliona kwenye picha, lipo ncha ya kusini, madirisha matupu na mimea imepanda ukutani, jiji limelitangaza urithi mwaka 1976 na limezungushiwa uzio, sehemu moja ya ukuta ilianguka mwaka 2007 kwa hiyo mtoto asisogee. Upande wa kaskazini ule mnara wa pembe nane uliokuwa mlango wa hospitali ya akili umerudishiwa hadhi yake na sasa ni kiingilio cha nyumba za kupanga tangu 2006, watu wanapita chini ya ile ngazi ya mzunguko na vikapu vyao vya sokoni. Mnara wa taa wa mwaka 1872 upo ncha ya kaskazini, umejengwa kwa jiwe la hapo hapo. Na kanisa dogo la mwaka 1889 lipo katikati.

Jina lilibadilishwa 1921 likawa Welfare Island, na hospitali za wagonjwa wa muda mrefu zikajengwa, Goldwater mwaka 1939 upande wa kusini na Coler mwaka 1952 upande wa kaskazini. Coler ipo mpaka leo. Kufika miaka ya 1960 ukiondoa hizo hospitali mbili sehemu kubwa ilikuwa magofu na majani, dakika chache tu toka maghorofa ya Manhattan.

Mwaka 1969 jiji likalipangisha shirika la maendeleo la jimbo kisiwa chote kwa miaka 99. Philip Johnson na John Burgee wakachora mpango wa mji mpya wa watu 20,000, watu wa vipato tofauti wakae pamoja, na magari yaachwe kwenye gereji moja kubwa mlangoni. Mwaka 1973 jina likawa Roosevelt, wakazi wa kwanza wakaingia 1975, mwaka ule ule ambao lile shirika la jimbo lilishindwa kulipa madeni yake. Ndiyo maana mpango haukukamilika kama ulivyochorwa, zilijengwa awamu za kwanza zikasimama, nyingine zikaja miaka mingi baadaye. Leo wakazi ni karibu 12,000.

Mkaazi:

Nimeishi pale miaka kadhaa na familia yangu, niwaeleze hali halisi.

Kuvuka kwa sasa kuna njia nyingi. Lile daraja kubwa uliloliona ni Queensboro la mwaka 1909, zamani tramu zilikuwa zinasimama katikati ya daraja juu kabisa halafu watu wanashuka kisiwani kwa lifti, mpaka tramu zilipoondolewa 1957. Daraja dogo la kutoka Queens lilifunguliwa 1955, ni la kunyanyuka, kipande cha katikati kinapanda meli ikipita. Ukiingia na gari unakutana na gereji ya Motorgate hapo hapo, ndani ya kisiwa magari ni machache, kuna basi jekundu la bure linazunguka barabara yetu moja ya Main Street.

Halafu kuna gari la kebo, hili ndilo fahari yetu. Lilifunguliwa Mei 1976 kwa sababu nyumba zilikuwa zimeshakamilika na treni ya chini ya ardhi iliyoahidiwa haijafika, likawa ni la muda tu wakati tunasubiri treni. Treni ikaja 1989! Miaka 13 baadaye, na kufika hapo watu walikuwa wameshalipenda gari la kebo hakuna aliyekubali liondolewe. Unapandia Second Avenue na mtaa wa 60, kibehewa kinabeba watu kama 110 wakijazana, kinaanza kupanda taratibu ubavuni mwa daraja, unaona mpaka ndani ya ofisi za watu ghorofani, halafu ghafla chini yako ni maji na mashua, kwenye mita 76 hivi juu, kisha unashuka kisiwani, dakika tatu au nne umefika. Nauli ni sawa na ya treni. Aprili 2006 lilikwama watu karibu 70 wakakaa hewani masaa mengi mpaka usiku wa manane wakaokolewa, baada ya hapo mfumo mzima ulijengwa upya 2010 na sasa kila upande una uwezo wa kujitegemea. Linaanza saa 12 asubuhi mpaka saa 8 usiku, kiti cha magurudumu kinaingia, kigari cha mtoto kinaingia.

Nizungumzie na taka maana hakuna anayeamini nikimsimulia. Pale hamna gari la taka linalopita mlangoni na mifuko haipangwi barabarani kama kule Manhattan. Kila ghorofa kuna kimlango ukutani, unatupa mfuko unashuka kwenye bomba, unakaa chini kusubiri. Mara kadhaa kwa siku valvu inafunguka na mfuko unafyonzwa kwa hewa kwenye mabomba ya chini ya ardhi ya kama sentimeta 50 kwa mwendo wa karibu kilomita 100 kwa saa mpaka kwenye jengo la kukusanyia karibu na gereji, unazungushwa, unashindiliwa kwenye kontena ndio lori linabeba. Ni teknolojia ya Waswidi, imefungwa tangu 1975 na bado inafanya kazi. Ukiwa umesimama kimya karibu na lile jengo unasikia vuuu halafu kishindo. Wakaamua hivyo kwa sababu mji ulipangwa usiwe na magari, sasa malori ya taka yangepita wapi.

Na mchanganyiko wa watu ni wa kweli. Kwa kuwa Coler ipo na njia zote ni tambarare utakutana na watu wengi wa viti vya magurudumu wakienda shughuli zao kama raia wengine, wazee wapo wengi, familia za Umoja wa Mataifa zipo nyingi, kwenye bustani watoto wanasikika wanaongea Kifaransa, Kiarabu, Kichina, na Kiswahili nimekisikia pia.

Mpangaji:

Mkaazi umesema mazuri nami naunga mkono, ila mdogo wetu asiende na picha ya upande mmoja. Kuna mambo mawili.

La kwanza ni ardhi. Kisiwa chote ni mali ya jiji, kimepangishwa kwa jimbo mpaka mwaka 2068, na majengo yote yamekaa juu ya mikataba ya ndani ya huo mkataba. Sisi tunaozijua hati za miaka 99 tunaelewa maana yake, kadiri miaka inavyopungua benki inakuwa ngumu na mwenye jengo anaanza kuhesabu. Na tangu 1984 kinaendeshwa na shirika la jimbo ambalo bodi yake inateuliwa Albany, makao ya jimbo, wakazi hawaipigii kura. Barabara, bustani, basi, gari la kebo, vyote viko chini yao. Wakazi wana chama chao na wamepaza sauti miaka mingi wapewe nafasi kubwa zaidi kwenye hiyo bodi, na mimi naona wana haki kabisa. Watu 12,000 ni wengi mno kuamuliwa kila kitu na watu wasiowachagua.

La pili ni kodi ya nyumba. Majengo ya mwanzo yalijengwa kwa ruzuku ili mwalimu, muuguzi na dereva waweze kukaa, miaka ilivyokwenda baadhi yakatoka kwenye mpango huo na kodi zikapanda. Halafu Goldwater ilifungwa, ikabomolewa, na mwaka 2017 kikafunguliwa chuo cha Cornell Tech pale pale, ni chuo kizuri sana cha teknolojia lakini kimeongeza mahitaji ya nyumba. Nakumbusha tu kwamba wagonjwa wa Goldwater, wengine wamekaa pale miaka mingi, walihamishwa kupisha. Watu wanaongelea chuo tu, wale hawatajwi.

Nahodha:

Mpangaji nakazia hapo pa Goldwater, hata mimi huwa naona tunalipita haraka.

Nyongeza kidogo kwa dada, kusini kabisa baada ya gofu la ndui kuna bustani ya kumbukumbu ya Rais Franklin Roosevelt. Ilichorwa na Louis Kahn aliyefariki 1974, michoro ikakaa kabatini karibu miaka 40, ikafunguliwa Oktoba 2012. Unashuka kati ya mistari miwili ya miti mpaka kwenye chumba cha mawe kisicho na paa, mbele ni maji tu, na ukigeuza macho kulia unaliona jengo la Umoja wa Mataifa ng'ambo. Shemeji ofisi yake ataiona kutoka hapo.

Dada wa Mjini:

Nimepata zaidi ya nilichoomba, mbarikiwe wote. Mkaazi swali la mwisho, shule ya mtoto ni ya kuvuka? Na shemeji ofisini atafikaje, maana kama anaiona lakini kuna maji katikati...

Mkaazi:

Shule ya serikali ipo hapo hapo kisiwani, inaitwa P.S./I.S. 217, inaanzia watoto wadogo mpaka darasa la nane, atatembea kwa miguu bila kuvuka barabara kubwa yoyote. Waende na uthibitisho wa anuani na karatasi za chanjo siku ya kuandikisha, wasisubiri mpaka Septemba.

Shemeji apande gari la kebo mpaka Second Avenue, akishuka aelekee kusini, ni zaidi kidogo ya kilomita moja mpaka lango la Umoja wa Mataifa, wengi tulikuwa tunatembea. Mvua ikinyesha achukue basi la kushuka Second Avenue. Kuna na boti ya jiji tangu 2017 inasimama upande wa mashariki wa kisiwa chini ya daraja, inampeleka mpaka mtaa wa 34, ila asubuhi ya Januari upepo wa pale gatini ni mkali, mwambie anunue koti la maana kabla ya viatu.

Dada wa Mjini:

Nimemtumia uzi wote, kasema koti atanunua kesho.